Papasi wa Nyumba ya Udongo

Homa ilimwachia Talib alfajiri ya Ijumaa, kwa ghafla, kama mtu aliyetua mzigo mlangoni akaenda zake. Siku kadhaa alikuwa amelala nyumbani kwake mjini Ibra, macho mekundu, kichwa kinamgonga, mifupa inamuuma hata shuka hakutaka imguse. Alfajiri ile jasho lilimtoka likalowesha godoro zima. Kisha akaketi kitako, akamtazama mkewe Badriya aliyekuwa akisinzia kitini, akasema, "Mama Ahlam, nyumba hii haina hata mkate?"

Badriya alicheka na kulia kwa pamoja. Alikwenda jikoni akasukuma chapati, akazipaka samli, akamletea pamoja na asali ya mlimani, na Talib akala kama mtu aliyetoka safari. Alikuwa mtu mkubwa, mpana wa mabega, aliyestaafu kazi ya kukagua mifereji ya maji, na sifa aliyopenda kujipa ni kwamba tangu azaliwe hajalala hospitali. Daktari wa kliniki ya mtaani alikuwa amesema ni mafua makali. Haya, mafua yamekwisha, alhamdulillahi.

Wiki ile alikuwa buheri wa afya. Alikwenda msikitini kwa miguu, akaosha gari, akagombana na jirani kwa ajili ya mbuzi aliyekula miche yake ya ndimu. Badriya akaanza kulala usingizi wake wa kawaida. Wakawapigia simu watoto wote kuwaambia baba yao amepona.

Kisha siku moja, wako kwenye sinia ya wali na samaki mchana, tonge la Talib likasimama njiani, baina ya sinia na mdomo. Akalirudisha polepole.

"Badriya," alisema.

Hakusema Mama Ahlam. Jina lake hasa alimwita mara chache sana, na mara zote palikuwa na jambo.

"Nini?"

"Imerudi."

Alipomgusa paji la uso, Badriya aliurudisha mkono kama aliyegusa pasi ya mkaa. Dakika chache nyuma mtu huyu alikuwa akimtania kuhusu chumvi ya samaki. Sasa meno yalikuwa yakigongana, na macho yale mekundu yalikuwa yamerudi vilevile, kana kwamba siku zote zile za afya zilikuwa za kukopa.

Safari hii Badriya hakwenda kliniki. Alimtia garini, akamfunga mkanda, akaendesha mwenyewe mpaka hospitali kubwa.

Ni vyema kueleza walikotoka kabla ya hapo. Badriya alizaliwa Unguja mjini, Malindi, akaja Oman na wazazi wake akiwa msichana, akasomesha hesabu katika skuli ya wasichana Ibra mpaka akawa mwalimu mkuu, na huko skuli walimwita Abla Badriya hata baada ya kustaafu. Talib naye mamake alikuwa wa Unguja, lakini babu yake mzaa baba alikuwa mtu wa Dima wa Tayyin, kule milimani, na aliacha nyumba ya udongo yenye vyumba viwili na boriti za mtende, kando ya falaji, mfereji wa kale wa maji ya mlimani. Miaka na miaka nyumba ile ilikaa tupu. Walipostaafu wote wawili, Talib akashikwa na hamu ya kuitengeneza. Badriya akakubali, kwa sharti la choo cha kisasa.

Majira haya ya baridi ndiyo yalikuwa ya kwanza kulala huko. Hewa ilikuwa safi, maji ya falaji yanaimba chini ya dirisha, jirani yao mzee Khalaf anawaletea maziwa ya mbuzi kila asubuhi. Kila kitu kilikuwa kama Talib alivyoota, ila panya.

Hawakuwa panya wa mjini. Walikuwa panya wadogo wa mlimani, rangi ya mchanga, masikio makubwa, na mgongoni wana nywele ngumu kama brashi ya kusugulia sufuria. Waliishi ndani ya ukuta, chini ya vidaka vya babu, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, na waliingia na kutoka kwa nyufa walizozichimba wenyewe. Badriya aliweza kustahimili mengi, lakini si panya. Asubuhi moja alitia mkono kidakani kutoa buli la kahawa, panya mmoja akamrukia mkononi.

"Basi!" alipiga ukelele. "Ama mimi ama hao!"

"Waache, Mama Ahlam," Talib alisema akicheka. "Wao wamekaa hapa siku nyingi kuliko sie. Sie ndio wageni."

"Mie si mgeni wa panya."

Alishuka Ibra akanunua sumu na mitego ya gundi. Aliweka sumu kila pembe, na panya walipoanza kuonekana wakiyumba mchana kweupe akajua imefanya kazi. Halafu akachukua saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa choo, akaziba nyufa zote chini ya vidaka kwa mkono wake mwenyewe, akazilainisha vizuri kama anapaka keki. Baada ya hapo hakusikia hata mkwaruzo mmoja. Aliutandika mkeka na godoro chini ya vidaka vile vile, mahali penye joto, na akajisifu kwa kila aliyempigia simu kwamba nyumba ya babu sasa ni safi kama hospitali.

Ni katika usafi huo ndipo Ahlam, binti yao wa mwisho, alipokuja kuwatembelea kutoka Sur pamoja na mumewe Bassam. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, imefika mwezi wa saba. Badriya alimpa mahali pale pazuri, chini ya vidaka. Asubuhi Ahlam alikuwa na alama nyekundu kifundoni, na Talib naye alikuwa nazo kiunoni. Badriya alitikisa mashuka, akakagua mishono ya godoro akidhani kunguni, hakuona kitu.

"Mbu tu hao," alisema.

Ahlam na Bassam wakarudi Sur, wazee wakashuka Ibra, na hiyo ndiyo habari ya kule nyuma.

Sasa, hospitalini, daktari aliyewapokea alikuwa kijana mwembamba aitwaye Hud, mwenyeji wa Nizwa. Aliposikia mume na mke wanasemezana, uso wake ukachangamka.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, mzee. Nyinyi Waswahili? Bibi yangu mimi wa Unguja. Lakini Kiswahili yangu mbovu kidogo, mnisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Kiswahili tutakusamehe," Badriya alisema. "Mtazame mume wangu."

Hud aliuliza kama wamesafiri Afrika karibuni, maana homa inayokwenda na kurudi ilimfanya afikirie malaria. Hawakusafiri. Aliuliza kama wamekunywa maziwa mabichi. Badriya akasema huyachemsha. Hud akamtoa Talib damu palepale, homa ikiwa bado inawaka, akasema anakwenda kuitazama mwenyewe.

Badriya alikaa kwenye benchi la ukumbini, akivuta tasbihi yake. Hakukaa sana. Mlango wa maabara ulifunguka kwa kishindo, na Hud akatoka mbio na glavu mkononi, akaita muuguzi kwa Kiarabu, akarudi, akatoka tena. Akamwona Badriya.

"Bibi, njoo. Njoo uone. Wallahi mimi sijapata kuona hii kitu ila kwenye kitabu."

Alimkalisha mbele ya hadubini. Badriya, aliyesomesha maisha yake yote lakini hesabu, alifumba jicho moja, akatazama. Aliona duara zilizopauka, zimelala kama sarafu zilizomwagwa. Alikuwa karibu kusema haoni kitu, mara duara moja ikasukumwa. Ikasukumwa tena. Pembeni yake palikuwa na uzi mwembamba kuliko unywele, umejisokota kama msumari wa parafujo, na uzi ule ulikuwa hai. Ulijikunja, ukajikunjua, ukapenya baina ya duara mbili ukatoka upande wa pili. Nyuma yake palikuwa na mwingine. Na mwingine.

"Hii ni damu ya nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ya mzee."

Badriya alishika ukingo wa meza. Miaka arobaini na kitu amelala ubavuni mwa mtu yule, na hivi vitu vinaogelea ndani yake.

"Hii ni bakteria," Hud alisema. "Inaletwa na aina ya kupe. Si kupe ya mbuzi, hapana. Hii nyingine, laini, inakaa kwenye pango, kwenye nyumba ya udongo, ndani ya ukuta. Inatoka usiku, inanyonya kidogo, inarudi. Mtu hajui. Kwa Kiarabu tunasema *qurad*, lakini hii ina jina yake nyingine..."

"Papasi," Badriya alisema.

Neno lilitoka lenyewe. Hakuwa amelitamka tangu utotoni. Bibi yake aliwahi kuwasimulia wajukuu habari za wapagazi wa bara waliolala kwenye vibanda vya njiani wakashikwa na homa ya papasi, homa inayoondoka kama rafiki na kurudi kama adui. Wao watoto walicheka, wakawa wanatekenyana wakisema papasi huyo, papasi huyo.

"Papasi," Hud alirudia, akiuonja mlio wake. "Sawa. Bibi, nyinyi mmelala wapi? Kuna nyumba ya udongo?"

Akamwambia habari ya Dima wa Tayyin.

"Na panya wapo?"

"Walikuwepo," Badriya alisema, na hata katika hali ile akajisikia fahari kidogo. "Nimewaua wote. Nikaziba matundu kwa saruji. Hakuna hata mmoja."

Hud alivua glavu moja, akaivuta kidole kimoja kimoja, akaiweka juu ya meza.

"Nini?" Badriya aliuliza.

"Bibi, mimi nitakueleza. Usiudhike." Akavuta kiti. Kiswahili kilipomwishia alitia Kiarabu, na Badriya alimfuata katika lugha zote mbili bila kupoteza neno. Huko Ulaya na Amerika, alisema, kuna ugonjwa uitwao Lyme, unaoletwa na bakteria aliye ndugu wa huyu. Wale kupe wa kule wanapoanguliwa katika yai huwa safi, hawana ugonjwa wowote. Mlo wao wa kwanza aghalabu ni panya wa mwituni. Panya yule tayari ana bakteria ndani yake, lakini haumwi. Anakula, anazaa, anakimbia kama kawaida. Kupe mchanga anamnyonya, anaondoka na ugonjwa tumboni. Anakua, anahitaji mlo wa pili, anamwuma panya mwingine ambaye bado ni mzima, anampa. Yule naye anakuja kuumwa na kupe wachanga wa mwaka unaofuata. Basi ugonjwa unazunguka hivyo, panya kwa kupe, kupe kwa panya, mwaka hadi mwaka, na binadamu hayumo kabisa. Binadamu anaingia pale tu anapopita na mguu wake karibu.

"Hawa wa kwetu ni binamu," alisema. "Wao wanakaa nyumba moja na panya. Ukuta ule ni mji wao. Panya ndiye chakula yao. Na hii papasi inaweza kukaa bila kula mwaka, miaka hata, inangoja."

"Inangoja nini?"

"Mtu apumue karibu, bibi. Panya wamekufa. Wao wamebaki na njaa. Na nyinyi mmelala hapo."

Badriya alisikia kila neno. Aliona mkono wake mwenyewe ukilainisha saruji. Aliona godoro alilolitandika chini ya vidaka.

"Si kosa yako," Hud alisema haraka. "Hata panya wangekuwepo, mngeweza kuumwa. Wewe hukujua. Mimi mwenyewe ningewaua. Dawa ipo, na ni rahisi, mzee atapona. Lakini niambie: kuna mtu mwingine amelala pale?"

Hapo ndipo Badriya aliposimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ahlam," alisema. "Mwanangu Ahlam. Ana mimba."

Alimwona daktari akibadilika rangi. Alitamani asingemwona.

Simu ya Ahlam iliita mpaka ikakatika. Ya Bassam ikapokewa kwa mlio wa kwanza. Bassam, mtu wa Sur, mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara, siku zote alizungumza kwa madaha, lakini sasa maneno yalikuwa yanamgongana. Ndiyo, Ahlam alikuwa na homa wiki iliyopita, wakaambiwa ni uchovu wa mimba, ikapita yenyewe. Jana imerudi. Asubuhi hii tumbo limeanza kumkaza. Wako njiani kwenda hospitali. Kwani kuna nini, khala? aliuliza, kwa jina la mama mdogo alilozoea kumwita.

Badriya alimpa Hud simu, kwa kuwa yeye hakuweza kulisema. Hud alitoka nayo ukumbini akizungumza Kiarabu cha haraka, kisha akapiga simu nyingine kwa madaktari wenzake wa Sur, akawaeleza watafute nini kwenye damu na wasingoje kitu.

Wakati huohuo muuguzi alikuwa amempa Talib dozi yake ya kwanza. Hud alikuwa ameonya kwamba hali inaweza kuchafuka kabla haijatengenea, maana vijidudu vikifa kwa wingi kwa mpigo mmoja mwili hushtuka. Lakini kuambiwa na kuona ni mambo mawili. Badriya alipoingia chumbani, kitanda cha chuma kilikuwa kinagonga ukuta kwa jinsi Talib alivyokuwa akitetemeka. Midomo ilikuwa ya buluu. Wauguzi wawili walikuwa wamemshika, wa tatu anapima mapigo ya moyo na kuyaita kwa sauti. Mtu yule mkubwa, aliyebeba boriti za mtende begani kwa kujionyesha, alikuwa anarushwarushwa kama kitambaa kwenye kamba.

"Mnamuua!" Badriya alilia. "Mmempa nini?"

"Ni dawa inafanya kazi, ya khala," muuguzi alisema bila kugeuka.

Alimkamata mkono mumewe. Kule Sur binti yake alikuwa amelala kwenye kitanda kama hiki. Hapa mume, kule mtoto, na yeye mmoja. Hakujua aelekee wapi. Talib akafumbua macho, akamwona amevaa mkoba begani, akaelewa kuna jambo.

"Nani?" meno yakamgongana.

"Ahlam. Amepata hii hii."

Talib alifumba macho. Chozi likamtoka likateremka sikioni. Kisha akauvuta mkono wake kutoka katika mkono wa mkewe, kwa nguvu ndogo aliyokuwa nayo, akamsukuma.

"N-nenda," alisema. "Mie n-ninao hawa. Nenda kwa mtoto."

Aliendesha gari mpaka Sur peke yake, mchanga wa jangwa la Wahiba upande wa kulia ukiwa mwekundu na kimya, jua kali juu ya bati la gari. Hakuwasha redio. Wakati mmoja alihisi kitu kinamtambaa shingoni, akapiga breki kando ya barabara, akashuka, akavua mtandio akaukung'uta mbele ya malori yaliyokuwa yakipita, akajipangusa mikono, mgongo, miguu. Palikuwa hamna kitu ila jasho. Akarudi garini, akaendelea.

Alipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa. Msichana, kabla ya wakati wake, mdogo kama paka, amewekwa kwenye sanduku la kioo lenye joto. Naye alikuwa na homa. Walikuwa wamemtoa tone la damu kisiginoni na kukuta kwamba vijidudu vimepita kutoka kwa mama mpaka kwake, ndani ya tumbo. Badriya alisimama nyuma ya kioo, akatazama kifua kile chembamba kikipanda na kushuka, akafikiri kwamba mtoto huyu bado hajaiona dunia na tayari ameshaumwa na mnyama wa mlimani.

Bi Mahfoudha, mamake Bassam, mwanamke mrefu mwenye abaya ya hariri, alikuwa amekaa ukumbini. Alimkumbatia Badriya. "Pole, dada yangu. Hivi tumwambie nani? Imetoka wapi balaa hii?"

"Nyumbani kwetu," Badriya alisema. "Kule Dima. Kwenye ukuta."

Mahfoudha alimwachia, akamtazama.

Ahlam alikuwa amelala ubavu, uso mweupe kama karatasi. Dawa ilikuwa imemtikisa naye, na sasa alikuwa ametulia. Badriya alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mguu juu ya shuka.

"Mwanangu."

"Bassam ameniambia," Ahlam alisema. Alizungumza polepole, na Kiswahili chake, ambacho siku zote kilikuwa cha kuchanganya, safari hii kilikuwa safi kabisa, kama anakipima. "Mama, asubuhi ile kijijini nilikuonyesha mguu."

"Ndiyo."

"Ukanambia mbu."

"Nilidhani mbu, mwanangu."

"Baridi ile yote. Mbu wanatoka wapi, Mama?"

Ahlam akageuza uso upande wa dirisha. Badriya alibaki ameshika mguu ule, akingoja auvute. Hakuuvuta, lakini hakugeuka tena jioni ile.

Mtoto alipigana. Siku za mwanzo kila simu iliyoita ilimfanya Badriya ashike kifua. Halafu homa ikashuka, na safari hii haikurudi. Talib, kule Ibra, alikuwa ameshasimama kwa miguu yake; alipoletwa Sur na ndugu kumwona mjukuu, alikuwa amekonda hata kanzu inamwogelea, na alisimama mbele ya kioo akiwa na kofia mkononi kama yuko mbele ya kadhi.

Baadaye watu wa afya wakataka kwenda kuiona nyumba. Walikuwa wachache, wakiongozwa na mtaalamu wa wadudu aitwaye Fatma, mwanamke mchangamfu wa makamo. Talib na Badriya wakapanda nao mlimani. Mzee Khalaf aliwapokea nje na mbuzi wake, akashangaa kuwaona wale wengine wakivaa mavazi meupe ya kufunika mwili mzima.

"Mnaogopa homa ya baridi?" aliuliza kwa Kiarabu. "Hiyo hutupata sote. Ndugu yangu ilimchukua. Inakwenda, inarudi, inakwenda, inarudi, mpaka akachoka."

Fatma alimgeukia polepole. "Ndugu yako alikuwa akilala wapi?"

Khalaf alinyoosha mkono kuelekea nyumba ya udongo iliyokuwa imeshikana ukuta na ile ya Talib.

Ndani, Fatma aligonga saruji ya Badriya kwa nyundo. Ilikuwa imeshika sawasawa. Ilichukua muda kupasuka. Kipande kilipoanguka, harufu ilitoka ikawafanya wote warudi nyuma. Nyuma yake kulikuwa na chumba kidogo ndani ya ukuta, kimejaa manyoya, vipande vya kitambaa na kokwa za tende, na juu yake panya wamelala wamekauka, wakubwa na wadogo, wamekumbatiana. Badriya aliziba mdomo kwa mtandio.

"Subirini," Fatma alisema. Aliweka katikati ya sakafu sinia nyeupe, na juu yake bonge la barafu kavu lililokuwa likifuka moshi. "Hii inatoa hewa ileile tunayoitoa tukipumua. Wao hawana macho. Wanafuata pumzi."

Walisimama mlangoni. Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu Badriya akaona kama vumbi la ukuta linasogea. Punje moja ya udongo ilijitenga na ufa, ikaanguka sakafuni, ikatulia. Ikaanza kutembea. Ikafuata nyingine, kutoka chini ya kidaka. Nyingine kutoka kizingitini. Nyingine kwenye boriti juu, zikidondoka moja moja kwa mlio mdogo, tap, tap. Zilikuwa bapa, za kijivu, zimekunjamana kama zabibu kavu, kila moja na miguu yake minane. Zilitoka mchana kweupe, kwa subira, kutoka kila upande wa chumba kile alichokiita safi kama hospitali, mpaka sakafu kati ya ukuta na sinia ikawa inatambaa.

Na baadhi yao hawakwenda kwenye sinia. Waligeuka. Walikuwa wanakuja mlangoni, kwenye miguu ya watu.

Talib alimvuta mkewe nje kwa nguvu hata kiatu kimoja kikabaki.

Nyumba ilipuliziwa dawa, na ya ndugu yake Khalaf pia, na za majirani. Watu wa kijiji wote walitolewa damu, na waliokutwa na ugonjwa wakatibiwa; Badriya na Bassam walipimwa pia, wakakutwa wazima. Fatma aliwafundisha kwamba asiue mtu panya ndani ya ukuta kabla ya kumaliza papasi kwanza, na wasilale tena katika nyumba zile za zamani. Talib hakuzungumza tena habari za kwenda kulala Dima. Badriya alikuwa akishtuka usingizini akijipangusa miguu, na Talib anamshika mkono mpaka atulie.

Mtoto walimwita Hajar. Alitoka hospitali akiwa bado mdogo sana, na Ahlam akakaa naye Sur, kwa mamake Bassam. Badriya alikwenda kila wiki. Ahlam alimpokea kwa adabu, akamtilia kahawa, akamwuliza hali ya baba, lakini mtoto hakumpa kumshika. Kila mara kulikuwa na sababu: amelala, amekula sasa hivi, ana mafua. Badriya aliielewa sababu, akanywa kahawa yake, akarudi Ibra.

Arubaini ilipokwisha, alifika asubuhi moja akamkuta Ahlam amechoka, nywele hazijachanwa, maji ya kumwogeshea mtoto yamewekwa tayari kwenye beseni. Bi Mahfoudha alikuwa sokoni. Ahlam alimtazama mamake kitambo, kisha akamnyooshea mtoto.

"Muogeshe wewe, Mama. Mimi mgongo umekufa," alisema, akajilaza kitandani.

Badriya alikunja mikono ya dera lake. Alimpokea, akamteremsha majini, akamwagia maji kwa kiganja, taratibu, akimsemesha. Alimwosha shingo, akamwosha kwapa, akafika nyuma ya goti. Mkono ukamganda. Palikuwa na kitu pale, kidogo, cheusi, kimekaa katika mkunjo wa ngozi.

Alibaki ameinama juu ya beseni, mtoto mikononi, macho yamemtoka. Ahlam akamwona, akaruka kutoka kitandani, akamsukuma, akainama naye akatazama. Na uso wake ulikuwa na hofu ileile ya mamake, hivyohivyo, kwa umbo na rangi.

Ahlam alinyoosha kidole, akakigusa. Kikatoka, kikaacha mstari mweusi mrefu kwenye ngozi.

"Wanja," alisema. "Ni wanja, Mama. Bi Mahfoudha alimtia wanja jana. Umemdondokea mguuni."

Badriya alikaa chini, palepale sakafuni penye maji. Ahlam akakaa naye, ubavu kwa ubavu, nguo zikalowa. Mtoto akapiga chafya mikononi mwa bibi yake. Ahlam akaanza kucheka, kisha akawa analia, akakilaza kichwa chake begani kwa mamake, na wakakaa hivyo mpaka maji ya beseni yakapoa.